Nyongeza ya Papa Bauma na Maziwa ya Burungu

Vijana wa depo njo waliniomba niandike, sasa ninapostaafu. "Papa, usituachie pikipiki mbovu peke yake," walisema, "tuachie na maneno." Nimekubali, lakini sijui kama nitaweza. Shule ya musingi nilimaliza. Sekondari nilichungulia tu kwa dirisha, kisha shamba ya baba ikaniita. Mukikuta mahali sentensi imelala upande, muiinue wenyewe. Niko pia na woga wa kumuonea muntu. Kwa hiyo mahali sina hakika, nitasema sina hakika. Na kama muntu alifanya kitu kizuri, hata kama simupendi, nitakiandika.

Jina ya kampuni sitaandika. Inajisifu vya kutosha yenyewe, kwenye kofia, kwenye fulana, kwenye kalenda. Sisi tulikuwa tunabeba koli, vifurushi vya watu: dawa, vipuri, simu, sabuni, viatu vya harusi, na kurudisha chochote watu wa milimani walitaka kushusha Goma. Ofisi ilikuwa Goma, depo ilikuwa Sake, na sisi wenye pikipiki tulikuwa katikati, kwa matope.

Siku ya kwanza nilifika depo na viatu vimepigwa rangi. Papa Bauma alivitazama kwanza, mimi baadaye.

"Uko unaenda kuoa?"

"Hapana, Papa. Nimekuja kazini."

"Basi vua. Hivyo viatu vitakufa bila kosa."

Huyo njo alinifundisha kazi. Alikuwa Muhunde wa Masisi, mulimaji wa maharagi na muhogo kama wazazi wake, na alianza kubeba mizigo kwa chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali, wakati wakubwa wetu wa leo walikuwa bado wanajifunza kufunga kamba za viatu. Alinionyesha namna ya kukata mupira wa ndani wa gurudumu ya gari na kufungia koli nao. Ukimaliza kufunga, yeye anakuja, anapiga muzigo teke moja. Ukicheza, unafungua wote, unaanza tena. Alinionyesha pia namna ya kukunja shitingi, ile turubai ya plastiki, juu ya koli ili mvua yote imwagike kwa mugongo wako. Nilipolalamika aliniambia: "Wewe ukilowa unakauka. Sukari ya watu haikauki." Hiyo haikuandikwa popote katika masharti ya kazi. Masharti ya kazi yaliandika habari ya fulana: lazima iwe safi.

Wiki ile ile alinipeleka Burungu, karibu na Kitchanga. Kule wako watu wa ng'ombe, na nyumba ya kwanza kubwa ilikuwa ya Mama Feza, mwenye kutengeneza fromaji, ile jibini ya maziwa ya ng'ombe. Nilimupa koli yake, nikageuka kuwasha pikipiki. Papa Bauma alinishika kwa kola.

"Unaenda wapi?"

"Tumemaliza, Papa."

"Hatujaanza. Kaa."

Tukakaa. Mama Feza akaleta maziwa ndani ya kibuyu, yale yaliyoganda tunayoita mashanza. Kwa watu wale, mugeni hanywi wima, na hanywi akiangalia mulango. Unakaa, unashika kwa mikono miwili, unakunywa polepole, unaulizwa habari za barabara, za watu wa Sake, za bei ya chumvi, za muntu fulani aliyekuwa mugonjwa. Unajibu. Ukimaliza, kama majibu yako yamewapendeza, njo Mama anasema kwa sauti ya chini, kama muntu aliyekumbuka kitu kidogo: "Kuna fromaji pale, munaweza kushusha?" Na fromaji zinatoka, nyingi. Na jirani anasikia, naye analeta zake.

Mimi nilipenda. Lakini njiani Papa Bauma alisimamisha pikipiki, akaingia haraka ndani ya migomba, akakaa kule muda. Alirudi akijifuta uso.

"Maziwa hayanipendi," alisema. "Tangu zamani. Kwetu tulikunywa uji."

"Sasa kwa nini unakunywa?"

"Kwani wewe unapenda matope?"

Ninataka mukumbuke hiyo. Miaka yote alikunywa kitu kinachomuumiza tumbo, kwa sababu bila kile kibuyu kampuni haikuwa na muzigo wa kurudi kutoka Burungu. Hakumuambia muntu wa ofisini. Kule hakuna aliyeuliza.

Baadaye walinituma njia ya Walikale. Kule milima inaisha, musitu unaanza, na barabara inaacha kuwa barabara. Kuna mahali lori zinakaa ndani ya matope mupaka madereva wanapanda mboga kando ya gari. Sisi wa pikipiki tunashusha koli, tunazibeba kwa kichwa kupita tope, tunarudi kusukuma pikipiki, tunafunga tena. Nikifika Kibua, kijiji cha njia ile, ninafanana na chungu kabla ya kuchomwa. Sisemi hivyo ili munihurumie. Watu wa Kibua walinipa muhogo na mahali pa kuogea, na nimekuwa kwa ofisi ambapo walinipa kiti peke yake.

Wa tatu wetu alikuwa Dodo, mwenye njia ya ziwa, Sake mupaka Kirotshe. Njia yake ilikuwa nzuri kuliko zetu, na alikuwa anapeleka sana dawa kwa hospitali. Watu walimusema kwamba anakula mukate laini. Ni uongo. Aliamka mbele ya wote, hakuvunja chupa hata moja nikijua mimi, na hakujisifu. Barabara nzuri haikuwa kosa yake.

Hapo njo nafika kwa mambo ya mushahara. Nilitaka kuyaruka, muntu mwenye heshima haandiki mushahara wake. Lakini bila hayo hamutaelewa.

Ofisi ilipata mukubwa mupya, Chef Gaston. Alisoma, alivaa vizuri, na nitasema mapema: hakuwa mwizi. Mushahara wetu haukuchelewa wakati wake, na pikipiki yangu ilipovunjika fork ya gurudumu ya mbele alituma ingine bila maneno. Shida ya Chef Gaston ilikuwa kwamba alikuwa na akili nyingi na hakuwa amefika mahali popote.

Alituita wote Goma, akatupa soda moja moja, akasema: "Sisi ni familia." Nimekuwa na familia mara mbili, ya baba yangu na yangu mwenyewe, na zote mbili mwenye kugawa nyama hakujigawia paja. Lakini tulipiga makofi. Soda ilikuwa baridi.

Akasema kutakuwa na nyongeza ya mushahara, na itakuwa ya haki kabisa, sababu haitatolewa na muntu. Itatolewa na telefone. Kila mumoja atabeba telefone ya kampuni, nayo itaona anakwenda vipi na anasimama wapi. Ukifika haraka unapata pointi. Ukisimama bila sababu zinapunguka. Mwisho wa mwaka pointi njo zinasema nani anapanda na nani anabaki.

Papa Bauma aliinua mukono. "Chef, kunywa maziwa iko sababu?"

Watu walicheka. Chef naye alicheka, kwa wema. "Papa, pumziko lako ufanye nyumbani."

Mwisho wa mwaka Dodo alipata nyongeza nzuri. Mimi nilipata nzuri vilevile. Papa Bauma hakupata kitu. Telefone ilisema anasimama kila nyumba kama muntu anayetafuta muchumba.

Mimi nilishangaa. Ninajijua. Kwa njia ya Walikale hakuna siku niliyofika haraka. Nilifikiri usiku na mchana, kisha nikaelewa: kuanzia mahali musitu unafunga mupaka Kibua, hakuna réseau, ule mutandao wa simu. Telefone haikuniona nikisimama, haikuniona nikishusha koli, haikuniona nikila muhogo. Iliniona nikiingia na iliniona nikitoka, na kwa muda wa katikati ikaandika kwamba sikusimama hata mara moja. Nilikuwa mufanyakazi bora kwa sababu ya giza.

Nilipanda Goma kumuambia Chef. Sisemi ili munisifu. Niliogopa tu siku moja wataigundua na kunikata pesa ya miezi iliyopita.

"Chef, hii nyongeza yangu iko na makosa."

"Unaona iko kidogo?"

"Hapana, nyingi mno." Nikamueleza habari ya réseau.

Alisikiliza mupaka mwisho, hiyo ninamupa. Kisha akasema: "Sistemi inahesabu inachoona."

"Lakini haikuniona, Chef."

"Basi huna ubaya wowote ndani yake. Rudi kazini, Papa, na usiwe muntu wa kwanza katika dunia kulia kwa sababu ameongezwa."

Nilirudi. Hata leo sina hakika kama ningepaswa kubaki pale kitini kwake mupaka anisikie.

Sasa mujue kilichomukaza Papa Bauma. Alikuwa karibu na kustaafu. Zamani aliuza nusu ya kilima cha baba yake kwa jirani, kulipa masomo ya binti yake. Jirani huyo, muntu mwema, alikubali kumurudishia ile nusu, akamungojea mupaka siku atakapopata décompte, ile pesa ya kuondoka. Na décompte inahesabiwa kwa mushahara wa mwisho. Bila nyongeza, haingetosha. Aliniambia tukiwa tunafunga mizigo, bila kuinua kichwa: "Sitaki kuzeeka nikitazama maharagi ya muntu mwingine pale mama yangu alilima."

Aliyepata njia ni Dodo. Ndiyo, huyo huyo wa mukate laini. Alimuambia Chef mbele yetu: "Mimi niende Burungu, Papa Bauma aje ziwani. Tutajua kama inayopungukiwa ni barabara ao ni muntu."

Chef alipenda sana. Alikuwa na hakika ni muntu.

Basi walibadilishana. Papa Bauma ziwani alikuwa kama mwana aliyeachiliwa kutoka shule. Njia nzuri, hakuna kibuyu, tumbo imetulia. Muntu wa hospitali anapokea sanduku, anasema aksanti, mulango unafungwa. Pointi zake zikapanda mupaka akawa wa kwanza. Chef alitutangazia kwa telefone: "Munaona? Nilimuambia, akanisikia, akabadilika. Hiyo njo faida ya kufuata watu karibu." Muzee alikuwa amebadilishiwa barabara, Chef akajipongeza kwamba amemubadilishia tabia.

Kule Burungu, Dodo alifanya kama telefone ilivyotaka. Anafika, anatoa koli, aksanti Mama, anaondoka. Wiki za kwanza Mama Feza alimuambia: "Leo fromaji hakuna." Wiki zilizofuata: "Ng'ombe haziko zinatoa vizuri." Ng'ombe zilikuwa zinatoa. Fromaji zilishuka Goma juu ya lori ya makabichi, kwa dereva aliyekuwa na saa nzima ya kukaa. Na nyumba zingine zikafuata ile ya kwanza. Hakuna aliyegomba, hakuna aliyemutukana Dodo. Alirudi tu kila safari na mipira ya kufungia imekunjwa mukononi, hakuna cha kufunga.

Siku zile njia ya Walikale ilikuwa imefungwa, munajua zinavyofungwa, kwa hiyo mimi nilikuwa depo bila kazi. Chef Gaston alikuja kutoka Goma na buti mupya, akasema nimupandishe Burungu aone mwenyewe ni nini. Huko nyuma hakuwa amepita Sake. Kila shimo aliniuliza: "Iko hivi siku zote?" Nilimujibu kwamba leo iko nzuri.

Mama Feza alitupokea vizuri kabisa. Alitandika mukeka, akaleta kibuyu. Chef alibaki wima. Alikuwa ameshika telefone yake.

"Aksanti sana, Mama, nimekunywa chai asubuhi."

"Hakuna neno," alisema Mama Feza, akampa binti yake kibuyu arudishe ndani.

"Mama, nimekuja juu ya fromaji."

"Fromaji gani?"

"Zile munazoshusha na kampuni yetu."

"Aa. Zile." Akatazama kilima. "Yule muzee wenu iko muzima?"

"Iko muzima. Tumemupandisha cheo, iko kwa barabara nzuri."

"Vizuri. Apumzike. Alikuwa anakunywa maziwa na uchungu, tulikuwa tunaona." Kisha akasimama, sababu mazungumuzo yalikuwa yamekwisha. "Basi, safari njema. Mvua inakuja."

Sikujua uso wangu niuweke wapi. Miaka yote Papa Bauma alifikiri anaficha, na wao walijua, na njo kwa sababu hiyo walimuamini. Muntu anayevumilia kibuyu chako kwa heshima hawezi kukuibia fromaji.

Tulipofika kwenye daraja, Chef aliuliza: "Yule mama anataka nini kweli?"

"Anataka ukae, Chef."

"Kwa muda gani?"

Nilijifanya sijasikia, juu ya kelele ya pikipiki.

Haikupita muda Papa Bauma aliitwa Goma. Chef alimuomba arudi Burungu. Muzee alikataa, kwa adabu: alisema tumbo yake imezoea ziwa. Chef akauliza anataka nini. Akasema: "Nyongeza ileile uliyowapa wenzangu." Chef akamushika mukono, akasema atapata na zaidi.

Na kweli alipata. Tuliitwa tena, soda tena, familia tena. Chef alitangaza kitu kipya: prime ya maziwa, yaani posho. Alieleza vizuri kwamba kampuni imejifunza kutoka kwa wateja, kwamba kukaa na watu ni kazi kama kazi ingine. Nilitaka kumupenda siku ile. Kisha akasema, ili kusiwe na upendeleo, prime hiyo itakuwa ya wafanyakazi wote, na kila mumoja atapata kipimo kulingana na mushahara wake. Wenye kichwa chepesi walihesabu palepale. Muzamu, mulinzi wa mulango, alipata ya kununua sabuni. Papa Bauma alipata ya kiasi. Na prime ya maziwa iliyo kubwa kuliko zote ilimwendea Chef Gaston, aliyekunywa chai asubuhi.

Dodo alininong'onezea: "Sasa ile fedha yote, atapata ng'ombe wa kutosha?"

Papa Bauma hakujali. Alirudi Burungu, akakaa, akakunywa, na fromaji zikashuka kutoka lori ya makabichi zikarudi kwetu. Alifanya hivyo mupaka siku yake ya mwisho.

Walipomuhesabia décompte, ile prime haikuwamo. Aliuliza. Chef akamufungulia masharti ya kazi. "Prime si mushahara, Papa. Mushahara wako wa musingi haukubadilika." Kuna wanaosema Chef alijua tangu mwanzo na alimuchezea. Mimi nilikuwa pale, nilimuona uso, na alikuwa kama muntu anayesoma neno hilo mara ya kwanza. Lakini alilisoma, akafunga, akaacha vile. Kwa ile fedha Papa Bauma alirudisha nusu ya ile nusu.

Kwa sherehe ya kumuaga kulikuwa na keki, na fulana yenye jina ya kampuni. Papa Bauma alikuja na bidon ndogo, dumu ya maziwa. Alikuwa amepita Burungu, na Mama Feza alimupa mashanza. Aliomba kikombe kikubwa kuliko vyote, akajaza mupaka juu, akakipeleka kwa mikono miwili mbele ya Chef.

"Chef, kaa."

Chef akakaa.

"Hii njo kazi unayolipwa. Kunywa polepole. Kwetu tunaulizana habari. Mama watoto iko muzima?"

"Muzima, Papa."

"Watoto wanasoma?"

"Wanasoma."

"Nyumba yenu inavuja?"

"Haivuji."

"Vizuri. Maliza."

Na nitasema haki: alimaliza. Alikunywa yote, na Papa Bauma alimungojea mupaka tone la mwisho, kisha akachukua kikombe akakisuuza mwenyewe. Prime ya maziwa iko mupaka leo. Kipimo chake hakikubadilika.

Sasa mwezi uliopita ilikuwa zamu yangu ya kustaafu. Sitaandika ni kiasi gani. Nitaandika tu kwamba décompte yangu imepita ya Papa Bauma, yeye aliyenionyesha kufunga koli, kwa sababu ile nyongeza ya giza iliingia ndani ya mushahara wa musingi na haikutoka tena. Vijana, wakiwatangazia nyongeza, ulizeni inakaa wapi: kwa mushahara, ao kando yake. Ulizeni mbele ya soda.

Nilipanda kumuona. Nilimukuta kwenye ile sehemu aliyoirudisha, anapalilia maharagi. Ng'ambo ya mufereji kulikuwa na maharagi ya jirani, yamesitawi kuliko yake.

"Wamekupa?"

"Wamenipa, Papa."

"Umenishinda?"

"Nimekushinda."

Alitikisa kichwa, bila hasira. "Ile nyongeza yako, kwani ulifanya nini kuipata?"

"Sikufanya kitu. Nilikuwa mahali hawakuniona."

Alisimama kidogo, ameegemea jembe, akitazama ile ng'ambo. "Basi mimi," alisema, "kosa yangu ilikuwa kuonekana." Akanipa jembe lingine, tukaendelea kupalilia mupaka kwenye mufereji.